Kuchagua kalibu ya masasi: desturi ya nyumba moja ya wawindaji, Kasongo na Kabambare



Katika vijitabu vya namna hii wengi wameandika juu ya mahari, juu ya jando, juu ya ngoma na matanga. Hayo ni mambo makubwa na yanastahili kuandikwa. Sisi tuliombwa kuandika juu ya uwindaji, na tumechagua kitu kimoja kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono: kalibu ya kumiminia masasi. Hatukukichagua kwa sababu tunapenda bunduki. Watu wa Maniema wameona bunduki za kutosha. Tumekichagua kwa sababu kitu hiki kilitugawanya sisi ndugu wa nyumba moja, kisha kikatukalisha chini pamoja, na katika kukaa huko tulikumbuka jambo ambalo wazee walilijua na sisi tulikuwa tumelisahau.

Baba yetu mkubwa alifariki hapa Kasongo mwaka 2019. Alikuwa mwindaji tangu ujana wake, na pori la kutoka huku mpaka ng'ambo ya Kabambare alilijua kama ua wa nyumba yake. Arobaini ilipokwisha tulifungua sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na pembe ya baruti iliyo tupu, mdeki uliovunjika, yaani ule ufito wa kushindilia, mizani ndogo ya wapima dhahabu, donge la nta ya nyuki, na kalibu tatu zilizofungwa katika kitambaa cha kaniki. Ya kwanza ni ya shaba ya manjano, yenye tundu moja la duara. Ya pili ni ya chuma, nzito, yenye matundu mawili ya duara. Ya tatu ni ya chuma vilevile, lakini tundu lake ni refu na limechongoka mbele. Bunduki yake mwenyewe haikuwamo. Ilichukuliwa zamani, wakati wa vita, na tutaeleza.

Basi kalibu tatu, bunduki hakuna. Tungedhani mambo yameishia hapo.

Neno lenyewe

Kwanza tuangalie maneno, maana maneno yanatunza habari nyingi.

Kwetu tunasema lisasi na masasi. Katika Kiswahili cha vitabu ni risasi. Neno ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile madini laini, nzito, ya rangi ya kijivu. Katika Kiswahili madini na kitu kinachotoka bunduki vina jina moja tu. Anayesema "nipe risasi" hujui kama anataka kipande cha madini au anataka kuua nyama, mpaka umtazame usoni.

Kalibu nayo ni ya Kiarabu, maana yake ni chombo kinachokipa kitu umbo. Wafaransa wana neno "calibre", na wataalamu wengi wa lugha husema lilitoka katika neno hilohilo la Kiarabu, likapita Italia. Kwa hiyo kijana wa leo anaposema bunduki yake ni kalibre 12 (wengi hapa husema "duze"), hajui kwamba anatamka neno la babu yake kwa sauti ya Kizungu.

Na ile 12 yenyewe inatoka katika kazi ya kumimina. Wazungu wa zamani walichukua ratili moja ya risasi, yaani gramu 453, wakaigawa katika masasi ya duara yaliyo sawa. Kama kasiba, yaani mtutu, inaenea lisasi moja kati ya 12 za ratili, hiyo ni kalibre 12. Kila lisasi ina karibu gramu 38 na upana wa milimita 18 na nusu. Kama ratili inatoa masasi 16, hiyo ni kalibre 16, gramu 28, milimita karibu 17. Ndiyo sababu namba ikipanda, bunduki inakuwa nyembamba. Vijana wengi hushangaa kwa nini 16 ni ndogo kuliko 12. Jibu liko katika chungu cha kuyeyushia.

Waliotuchagulia kwanza

Bunduki za kushindilia ziliingia kwetu kwa njia ya biashara ya Zanzibar. Mnamo miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Hata jina lake hilo, wengine husema ni mlio wa bunduki zake, wengine husema ni kupepesa macho. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya kutoka Tanganyika. Livingstone alikaa hapo akiwa mgonjwa kwa miezi mingi kati ya 1870 na 1871, akipaita Bambarre. Kisha akafika Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakipiga bunduki sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Hatuwezi kuandika juu ya masasi tukaificha habari hiyo. Kitu kilichotupatia nyama ndicho kilichochukua watu wetu utumwani.

Mwaka 1890, tarehe 2 Julai, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao ulisemwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 za kaskazini mpaka 22 za kusini. Aina iliyoweza kuruhusiwa kwa watu wa kawaida ilikuwa bunduki ya gumegume isiyo na mistari ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya biashara. Askari wa Dola la Kongo wao walikuwa na bunduki za Albini, zinazojazwa kwa nyuma. Kasongo ikaanguka Aprili 1893, Kabambare Januari 1894.

Kwa nini tunakumbusha hayo? Kwa sababu ndiyo yanayoeleza zile kalibu mbili za duara. Kasiba yenye mistari inayozunguka ndani inataka lisasi ndefu inayoshika mistari, ili iruke ikijizungusha kama mshale wenye manyoya. Kasiba laini haina haja ya lisasi ndefu. Lisasi ya duara inatosha. Mwindaji wa kwetu alipochagua kalibu ya duara alikuwa anachagua ndani ya yale ambayo wakubwa walikwisha kumchagulia huko Brussels. Ile kalibu ya tatu, iliyochongoka, ni ya jamii ya risasi aliyoitengeneza Mfaransa Minié mwaka 1849, ambayo kitako chake kina shimo ili kitanuke na kushika mistari. Bunduki yake hatukuiona nyumbani kwetu hata siku moja. Baba mkubwa alikuwa akisema, "Hiyo ni kalibu mjane." Aliitunza tu.

Namna ya kuchagua

Tukiwa watoto tulimwona mara nyingi akiletewa kalibu na wawindaji wengine, wakimwuliza: hii nzuri? Yeye hakuitazama hata kidogo. Alisema:

– Mtoto, leta kwanza bunduki. Kalibu si kitu cha kuangalia na macho. Ni kitu cha kuuliza kasiba.

Hilo lilikuwa fundisho la kwanza. Anayeanza na kalibu amekosea njia. Unaanza na bunduki uliyo nayo, kisha unatafuta kalibu inayoitii.

La pili ni kwamba lisasi ya duara haitakiwi kuwa sawasawa na kasiba. Inatakiwa kuwa ndogo kidogo. Baruti nyeusi inaacha masizi mengi, na baada ya kupiga mara tatu au nne kasiba inakuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa asubuhi. Lisasi iliyoingia kwa shida mara ya kwanza, mara ya nne inakwama katikati. Lisasi iliyokwama katikati, baruti ikiwaka nyuma yake, inapasua kasiba, na kasiba ikipasuka inaondoka na macho au vidole vya mwenyewe. Waingereza wenyewe, kwa bunduki yao ya zamani ya kasiba ya milimita 19, walitumia lisasi ya karibu 17 na nusu. Nafasi inayobaki unaijaza kwa tambara lililopakwa mafuta. Lakini nafasi ikizidi, lisasi inatembea ovyo, inajeruhi nyama bila kuiua, na nyama aliyejeruhiwa anakwenda kufia mbali. Baba mkubwa aliliita hilo dhambi.

La tatu ni kupima kwa nta. Yeye hakuyeyusha risasi kwa kujaribu. Alimimina nta ya nyuki katika kalibu, akaitoa ikiwa duara, akaizungushia tambara, akaiingiza mdomoni mwa kasiba na kuisukuma kwa kidole gumba. Kama inaingia yenyewe na kuanguka, alitikisa kichwa. Kama inakataa, alitikisa kichwa. Kama inashuka polepole kwa kusukumwa, alicheka.

La nne ni kujua kwamba kalibu hupanuka lakini hairudi nyuma. Tundu dogo, mhunzi anaweza kulikwangua likawa kubwa. Tundu kubwa halifanywi dogo. Kwa hiyo ukipewa kuchagua kati ya mbili na huna hakika, chukua iliyo ndogo.

La tano ni kazi ya chombo chenyewe. Nusu mbili zikutane bila kuacha mwanga. Inua kalibu mbele ya jua, ukiona mstari wa mwanga, risasi itatokea hapo kama ukingo wa sahani. Shaba haili kutu na inapata moto upesi. Chuma ni kigumu na kinadumu, lakini katika mvua zetu kinataka mafuta kila mara. Matundu mawili yanafanya kazi upesi. Baba mkubwa hakuyapenda. Alisema mwenye haraka ya kupata masasi mengi si mwindaji.

Siku ya kumimina

Risasi huyeyuka kwenye digri 327. Chuma kinataka zaidi ya 1,500. Kwa hiyo mhunzi anahitaji mivukuto, lakini risasi inayeyuka kwenye makaa ya kawaida, na ndiyo sababu kila mwindaji aliweza kujimiminia mwenyewe.

Kazi ilifanyika asubuhi, nje, upepo ukiwa mgongoni. Ndani ya kalibu alipitisha moshi wa mwenge mpaka ikashika masizi membamba, ili risasi isigande humo. Chunguni aliweka kipande cha nta, akakoroga, akaondoa yale mavi ya risasi yanayoelea juu. Masasi ya kwanza yanatoka na makunyanzi kwa sababu kalibu ingali baridi; hayo alirudisha chunguni bila huruma. Kiisha alikata ule mkia wa pale risasi ilipoingilia, akapima kila lisasi kwenye mizani ya dhahabu. Lisasi iliyo nyepesi kuliko wenzake ina upepo ndani, na haitakwenda pale unapoilekeza. Aliirudisha.

Mambo mawili alituonya kwa ukali. La kwanza, maji. Tone moja la maji katika kalibu au katika chungu linageuka mvuke ghafula na kurusha risasi ya moto juu. Baba yetu mdogo alipoteza jicho la kushoto hivyo, siku ambayo kalibu ilikuwa imelala nje na umande. Maisha yake yote alitembea na kovu hilo, na halikuwa la vita wala la chui.

La pili, watoto na chungu. Hilo hakulijua sana. Sisi tumelijua baadaye. Zamani risasi ilinunuliwa kwa vipande; halafu watu wakaanza kuvunja batri za motokari. Vumbi na moshi wa batri ni sumu, tena kwa watoto zaidi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika mtaa ambao watu walikuwa wakitoa risasi katika batri za zamani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo tunamwomba kila msomaji: chungu kilichoyeyusha risasi kisirudi jikoni hata kikioshwa mara saba, na batri zisivunjwe uani.

Kovu la shaba

Sasa tufike mahali ambapo kuandika kunakuwa kugumu.

Ile kalibu ya shaba ina kasoro. Ndani ya tundu, upande mmoja, kuna mkwaruzo kama alama ya ukucha. Kwa hiyo kila lisasi iliyotoka humo ina mstari mdogo uliovimba, mfano wa mwezi mwandamo. Mhunzi angeweza kuuondoa kwa dakika chache. Baba mkubwa alikataa, kwa sababu ulikuwa na faida. Wawindaji wawili wakigombea nyama mmoja, walitafuta lisasi. Ikiwa na ukucha, nyama ni wake. Ikiwa haina, alinyamaza na kurudi nyumbani. Kila mwindaji wa jirani alijua alama hiyo, na yeye alijua zao. Katika desturi hiyo lisasi ilikuwa na jina la baba yake. Katushi za dukani zimetoka kiwanda kimoja, zote sura moja; hazisemi zimetoka kwa nani.

Halafu vita vikaja. Mwaka 1999, usiku, watu wenye silaha waliingia nyumbani. Walitaka masasi. Baba mkubwa aliwaambia hana, wakaona chungu. Walimwamuru amimine mpaka alfajiri, kwa kalibu ya shaba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Sisi tulikuwa tumeketi ukutani, tunasikia tu mkasi ukikata mikia: tak, tak, tak. Hakuna aliyehesabu. Walipoondoka walichukua masasi yote na bunduki yake.

Baada ya miezi miwili jirani yetu, mvuvi, alipigwa paja akiwa njiani kurudi toka mtoni. Mwuguzi alitoa lisasi. Jirani alipoweza kutembea kwa fimbo alikuja kwetu, akaketi mkekani, akafungua karatasi. Lisasi ilikuwa imebonyea upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa na ukucha.

Baba mkubwa aliishika muda mrefu. Hakusema kitu, naye jirani hakusema kitu. Walikunywa chai. Kesho yake baba mkubwa alimpelekea mbuzi, jirani akampokea mbuzi, na mambo hayakuzungumzwa tena. Lakini tangu siku ile baba mkubwa hakumimina tena lisasi hata moja, mpaka kifo chake, miaka 20.

Mpwa wetu

Mwanzoni mwa mwaka 2020 alikuja mpwa wetu, mtoto wa dada yetu aliyeolewa upande wa Kabambare. Alikuwa na bunduki ya kushindilia aliyorithi kwa babu yake mzaa baba, kasiba nzuri, na karatasi yake ya ruhusa. Alisema:

– Wajomba, siombi bunduki, bunduki niko nayo. Naomba kalibu tu. Nguruwe wa pori wamemaliza mihogo yetu. Mwaka jana tulivuna nusu. Vijana wenzangu wananiambia ninunue pupu ya duze kwa mhunzi. Naogopa ile pupu.

Aliogopa kwa haki. Pupu nyingi zina kasiba ya bomba lisilotengenezwa kwa ajili ya moto wa baruti.

Tulimfungulia kitambaa. Yeye, kama kijana yeyote, alishika ile ya matundu mawili: nzito, inayotoa mawili kwa mara moja. Dada yetu mkubwa, aliyekuwa akimsaidia baba mkubwa kuchochea moto, alimwambia: "Leta kwanza bunduki." Sote tulicheka, maana ilikuwa sauti ya marehemu. Alileta donge la nta. Nta ya matundu mawili ilikataa kuingia hata bila tambara. Ya ile iliyochongoka hatukuijaribu. Nta ya kalibu ya shaba, yenye tambara jembamba, ilishuka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi.

Hapo kicheko kikaisha. Kasiba ilikuwa imechagua, na ilichagua ile ambayo hatukutaka.

Tulibishana siku tatu. Mmoja wetu alisema ile kalibu itupwe Lualaba. Mwingine akasema kuitupa ni kumtupa marehemu. Wa tatu akashauri mhunzi auondoe ule mkwaruzo, lisasi itoke safi, bila alama, na jirani asiumie moyo. Wazo hilo lilitupendeza wengi, tunakiri. Dada yetu ndiye aliyelikataa. Alisema: "Mkiondoa ukucha, mnamsaidia nani? Lisasi isiyo na alama ni ile ya watu wa usiku."

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Tulikwenda kwa jirani, sote, pamoja na kijana, tukamwekea kalibu mbele yake. Ni mzee sasa, mguu haujanyooka. Aliigeuza mkononi, akatia kidole ndani mpaka akaugusa mkwaruzo. Akasema:

– Mimi sina neno na shaba. Shaba haikunipiga. Nauliza jambo moja tu. Usiku ule hakuna aliyehesabu. Sasa nani atahesabu?

Tulikosa jibu la haraka. Ndipo tukakumbuka namna wazee walivyofanya, jambo ambalo tulikuwa tumeliona kila siku utotoni bila kulitia maanani: bunduki ilikaa kwa mwindaji, lakini kalibu ilikaa kwa mkubwa wa nyumba. Kijana mwenye bunduki bila kalibu alilazimika kurudi kwa wakubwa kila alipoishiwa. Akirudi, anaulizwa: uliyopewa yamekwenda wapi? Sisi tulifikiri baba mkubwa alizishika kalibu kwa uchoyo. Kumbe alikuwa akihesabu.

Tulivyoamua

Kalibu ya shaba imebaki Kasongo, kwa dada yetu mkubwa. Mpwa wetu anakuja na bunduki, karatasi, na risasi yake iliyo safi, si ya batri. Anamimina mchana, uani, mbele ya watu, masasi sita, si zaidi. Anafuata miezi ya ruhusa, maana uwindaji una sheria, ile namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na nyama wa pori wamepungua. Akirudi anasema kila lisasi ilikokwenda, na iliyobaki inarudi chunguni. Yote yanaandikwa katika kaye la shule: tarehe, hesabu, majibu. Mstari wa kwanza wa kaye hilo tulimwomba jirani atie sahihi, naye akatia.

Mara ya kwanza kijana alirudi na masasi mawili. Manne alieleza: nguruwe wawili, ambao sisi hatuli na yeye aliwagawia wanaokula, moja lilipotea katika majani, moja alijaribia kwenye kigogo, akakichimba na kuleta lisasi yenyewe katika karatasi. Ukucha ulionekana. Dada yetu aliandika yote, akafunga kaye.

Kuna wanaosema tumemfanya kijana mtoto. Kuna wanaosema tungepaswa kukataa kabisa, na hao pia tunawaelewa. Masasi sita hayamalizi nguruwe wa Kabambare, na kaye moja halirudishi mguu wa mtu. Lakini desturi hii hatukuibuni; tuliikuta ndani ya sanduku, ikiwa imefungwa pamoja na shaba.

Ile ya matundu mawili na ile mjane tunazitoa kwa ushirika wetu wa utamaduni, zitazamwe na vijana. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kalibu ya zamani chini ya kitanda, usiiuze kama chuma chakavu kabla hujawauliza wakubwa mambo mawili: ilioana na bunduki ipi, na nani aliyekuwa akihesabu.